Nimeacha kuviona vitu vidogo vya kila siku. Je, sina shukrani?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mwaka jana niliugua homa iliyoniondolea kabisa uwezo wa kunusa. Kwa wiki kadhaa chakula hakikuwa na ladha, na hata sabuni niliyoishika mkononi sikuisikia harufu. Niliapa kwamba pua ikirudi sitaidharau tena. Ikarudi. Nilifurahi siku chache, kisha nikasahau. Baadaye nilishauriwa niwe na daftari la shukrani, kila usiku niandike mambo matatu mema. Siku hizi naandika afya, familia, nyumba. Kesho yake tena afya, familia, nyumba, na moyo haushtuki. Dada yangu mkubwa ananiambia sina shukrani. Je, nina kasoro? Ni lazima mtu apoteze kitu ndipo ajue thamani yake? Na hili daftari, niendelee nalo au nilitupe?

JIBU: Dada, nianze na swali la kwanza kwa kuwa naona ndilo linalokuuma. Huna kasoro. Unachokieleza ni kazi ya mfumo wa neva ulio mzima, tena unaotimiza wajibu wake barabara. Pua iliporudi, ubongo uliipokea kama habari kubwa; siku chache baadaye haikuwa habari tena. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hivyo ndivyo ubongo unavyopokea kila jema: siku mbili za heshima, kisha linapewa kazi na hakuna anayeligeukia kulitazama.

Dada yako simlaumu, ila anachanganya mambo mawili. Kuna shukrani, yaani namna unavyomtendea aliyekufanyia wema, na kuna ule msisimko wa kukiona kitu kana kwamba ni mara ya kwanza. Shukrani unaweza kuidumisha maisha yako yote kwa sababu iko mikononi mwako. Msisimko hauko mikononi mwa mtu yeyote. Hauamriwi, na ukiuamuru unakimbia. Wewe umekuwa ukikaa na kalamu kila usiku ukiuamuru uje.

Ili uone jambo hili lilivyo la kimwili, fanya jaribio dogo. Chora nukta katikati ya karatasi, kisha weka madoa ya rangi hafifu pembezoni. Ikodolee nukta bila kuhamisha macho. Baada ya sekunde kadhaa madoa ya pembeni yataanza kufifia, na mengine yatatoweka kabisa ingawa yapo pale pale. Daktari wa Uswisi, Ignaz Troxler, aliliandika jambo hili mwaka 1804. Katika miaka ya 1950 watafiti walikwenda mbali zaidi: walibuni vifaa vya kufanya picha isogee sambamba na jicho, ili isibadilike hata kidogo mahali inapoangukia ndani ya jicho. Picha ikafutika katika muda wa sekunde chache mbele ya mtu mwenye macho mazima. Tunaona kwa sababu macho yetu hutikisika mtikisiko mdogo mno wakati wote, na mtikisiko huo ndio unaozipa neva tofauti ya kuripoti. Mishipa ya damu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imepita mbele ya vipokezi vya mwanga tangu ulipozaliwa, na katika hali ya kawaida huioni. Pua yako mwenyewe imo ndani ya upeo wa macho yako sasa hivi unaposoma. Mpaka nilipoitaja, ilikuwa imefutwa.

Harufu ni vivyo hivyo. Harufu ya nyumba yako wewe huijui, anaijua anayesimama mlangoni kwa mara ya kwanza.

Ukiingia ndani zaidi ya ubongo, hadithi haibadiliki. Mtafiti Wolfram Schultz alirekodi seli za dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuashiria tuzo, katika ubongo wa kima. Kima alipopewa tone la juisi bila kutarajia, seli hizo ziliitikia kwa nguvu. Alipokwisha kujifunza kwamba ishara fulani ikitokea juisi inafuata, seli zikawa zinaitikia ile ishara, na juisi yenyewe ilipofika zikakaa kimya. Siku ishara ilipotokea na juisi isije, shughuli ya seli ilishuka chini ya kiwango chake cha kawaida, tena wakati ule ule juisi ilipokuwa ikingojewa. Kinachotarajiwa kikija hakihesabiwi. Kisipokuja kinaandikwa hasara. Sasa fikiria bomba la maji, swichi ya taa, goti lisilouma, mtu anayerudi nyumbani jioni salama. Hivi vyote vina siku moja tu ya kuonekana, nayo ni siku visipotokea.

Huenda umewahi kusikia ule utafiti wa mwaka 1978 wa washindi wa bahati nasibu. Philip Brickman na wenzake wawili, huko Marekani, walilinganisha washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois, watu 29 waliopooza kwa ajali, na watu 22 ambao hawakupatwa na lolote kati ya hayo. Wanaounukuu ili kuthibitisha kwamba binadamu huzoea kila kitu huongeza chumvi. Makundi yalikuwa madogo, watu hawakufuatiliwa kwa miaka, na tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kupoteza kazi au kupata ulemavu mkubwa huacha alama ambayo mazoea hayaifuti yote. Kwa hiyo yeyote anayekwambia kwamba binadamu huzoea kila kitu, mwambie apunguze.

Mimi hupenda kipande cha utafiti huo kisichonukuliwa sana. Washiriki waliulizwa wanapata raha kiasi gani katika mambo madogo: kuzungumza na rafiki, kusikia kichekesho kizuri, kula kifungua kinywa, kusoma jarida. Washindi walisema wanapata raha pungufu. Vichekesho havikuwa vimeharibika. Kipimo ndicho kilichohama. Mwaka 2010 Jordi Quoidbach na wenzake walikuta jambo linalokaribiana na hilo hata bila ushindi wowote. Watu waliokumbushwa fedha kwa kuonyeshwa tu picha ya noti walikila kipande cha chokoleti haraka zaidi na wakaonekana kukifurahia kidogo kuliko wenzao. Mtu hahitaji kuwa tajiri ili raha ndogo zimponyoke. Inatosha akili yake iwe imeelekea kwenye makubwa.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito. Ni lazima mtu apoteze? Wewe mwenyewe umelijibu bila kujua: ulipoteza, ukaapa, ukarudishiwa, ukasahau. Kupoteza ni mwalimu mkali, lakini somo lake halikai. Kinachofanya kazi ndani yake ni pengo, na pengo mtu anaweza kulitengeneza mwenyewe, dogo, kwa hiari, bila kuugua.

Quoidbach huyo huyo na Elizabeth Dunn walilijaribu hili na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Watu walionja chokoleti, kisha kwa wiki moja kundi la kwanza likaambiwa lisiguse kabisa, la pili likapewa chokoleti nyingi na kuambiwa lile kadiri linavyoweza, la tatu halikupewa sharti. Waliporudi kuonja tena, waliojizuia ndio walioifurahia zaidi. Kuna na utafiti wa Leif Nelson na Tom Meyvis wa mwaka 2008 ambao napenda kuutaja kwa sababu unapinga silika yetu. Ukiwauliza watu kama wangependa masaji yakatizwe katikati, watakataa. Lakini waliokatizwa ndio walioyafurahia zaidi, kwa sababu mapumziko yalivunja mazoea yaliyokwisha kuanza kujengeka. Kwa kero ni kinyume: kelele iliyokatizwa ikarudi ilichukiza zaidi kuliko iliyoendelea moja kwa moja. Basi kazi usiyoipenda imalize kwa mkupuo mmoja, na raha uipe vituo. Wimbo unaoupenda usiuache ukaimba siku nzima. Kinywaji cha asubuhi kiruke siku moja ya wiki. Kiti unachokalia kila jioni kihamishie upande wa pili wa chumba. Haya si mafungo wala adhabu, na ukianza kuyahesabu kama sifa yako yataharibika.

Njia ya pili ni kuondoa kwa mawazo. Minkyung Koo na wenzake walichapisha mwaka 2008 tafiti ambamo watu waliokuwa katika uhusiano waliombwa waandike, ama jinsi walivyokutana na wenzi wao, ama jinsi ambavyo wangeweza wasikutane kabisa. Walioandika juu ya kutokukutana ndio walioridhika zaidi na uhusiano wao, ingawa watu wengine walipoulizwa watabiri, walitabiri kinyume. Hapa lakini nakuomba uwe makini, kwa sababu wengi huifanya vibaya. Kukaa usiku ukiwaza "itakuwaje mume wangu akifa" hakuhusiani na zoezi hili; hiyo ni hofu, nayo itakunyima usingizi. Zoezi linatazama nyuma. Lingekuwaje kama siku ile usingekwenda kule, kama aliyewakutanisha angekuwa anaumwa, kama ungejibu ujumbe siku ya pili? Unaondoa kokoto moja katika njia iliyokwisha kupitwa, na unashangaa kwamba njia ilifika.

Kwa vitu visivyo na moyo, mimi hupendelea namna nyingine ya zoezi hilo: uliza kitu kimepitia wapi hadi kukufikia. Chukua njiti ya kiberiti, kitu kidogo ambacho ukiangusha moja huinami kuiokota. Mwaka 1826 John Walker, mfamasia wa Stockton-on-Tees nchini Uingereza, aliona kijiti chenye mchanganyiko wa kemikali kikiwaka kwa kukwaruzwa, na mwaka uliofuata akaanza kuuza njiti zake. Kabla ya hapo moto ulikuwa wa kutunzwa usizimike, au wa kupiga jiwe na chuma, au wa kuomba kaa kwa jirani. Kisha zikaja njiti za fosforasi nyeupe, zilizowaka kwa urahisi popote na kuwaozesha mifupa ya taya wafanyakazi wa viwandani waliovuta mvuke wake. Nchini Sweden, Gustaf Erik Pasch akatangulia mwaka 1844 kuiondoa fosforasi kwenye kichwa cha njiti na kuihamishia kwenye ubavu wa kisanduku, na hapo ndipo kilipoanzia kiberiti cha usalama tunachokijua, ambacho kwa kawaida hakiwaki mpaka kikutane na kisanduku. Mwaka 1906 nchi kadhaa zilikubaliana mjini Bern kupiga marufuku fosforasi nyeupe katika viberiti. Ukijua haya, kuwasha njiti kunachukua sekunde ile ile moja, ila sekunde hiyo ina watu ndani yake. Usijaribu kufanya hivi kwa kila kitu, utachoka kabla ya kufika jikoni. Kitu kimoja kwa mwezi kinatosha, nacho kiwe kile ambacho kweli unataka kukijua. Kifungo, sindano, ufunguo, wino wa kalamu unayoandikia; kila kimoja kina kisa chake, na kukitafuta kisa hicho ni nusu ya raha.

Kwa upande wako, dada, nitaanzia puani, kwa sababu hapo una sababu ya kitabibu pia. Waliopoteza uwezo wa kunusa baada ya maambukizi mara nyingi hurudishiwa sehemu tu, na wengine harufu huwarudia ikiwa imepotoka, kinachonukia kikaonekana kunuka. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake, mjini Dresden, walichapisha mazoezi mepesi kabisa: kunusa harufu nne, waridi, mkalitusi, limau na karafuu, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Uwezo wa kunusa wa waliofanya hivyo uliongezeka kuliko wa wasiofanya. Tangu hapo mazoezi ya aina hii yamekuwa yakitolewa na madaktari wa masikio, pua na koo. Unavuta harufu taratibu kwa sekunde chache, unatulia, unaikumbuka ilivyokuwa zamani, unahamia nyingine. Hata kama pua yako imepona kabisa, nakushauri uyafanye kwa muda, kwa kuwa sijaona zoezi zuri kuliko hili la kumfundisha mtu kukaa na kitu kimoja kidogo bila haraka. Na mvua ikinyesha baada ya kiangazi, toka nje. Ile harufu ya udongo uliolowa hutokana kwa kiasi kikubwa na jeosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa ardhini, na pua ya binadamu huigundua hata ikiwa imechanganyika hewani kwa kiwango kidogo mno. Kipimo kama hicho umekibeba usoni siku zote.

Tuje kwenye daftari. Usilitupe, ila badili karibu kila kitu kuhusu namna unavyolitumia. Aliyekushauri alichukua zoezi halali akasahau kipande chake muhimu. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake waliwapa watu zoezi la kuandika kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo pamoja na sababu ya kila moja kutokea. Tazama masharti: ya siku hiyo, tena na sababu. "Afya" halikutokea leo. Miaka miwili kabla yao, Robert Emmons na Michael McCullough walipowapa watu kazi ya kuandika mambo wanayoyashukuru, katika utafiti wao wa kwanza iliandikwa mara moja kwa wiki, kwa wiki 10. Waliofanya hivyo waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi kuliko walioandika kero zao. Na Sonja Lyubomirsky na wenzake walipolinganisha walioandika mara moja kwa wiki na walioandika mara tatu, ni wale wa mara moja waliopata nafuu. Kuandika mara nyingi huligeuza zoezi lenyewe kuwa mazoea, na mazoea ndiyo uliyokuwa unajaribu kuyavunja.

Nikuambie pia ambacho wauzaji wa madaftari mazuri hawakuambii. Wataalamu walipozikusanya tafiti nyingi za aina hii na kuzipima kwa pamoja, mwaka 2016 na tena mwaka 2021, walikuta kwamba faida ipo lakini ni ndogo, na kwa sonona na wasiwasi ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Ukifanya zoezi na usione miujiza, basi uko pamoja na watu wengi.

Kwa hiyo: andika mara moja kwa wiki, siku unayojua una nafasi. Jipige marufuku maneno afya, familia na nyumba. Andika jambo ambalo lisingeweza kuandikwa wiki iliyopita, kwa undani wa kutosha kiasi kwamba mtu mwingine hawezi kuliiba likawa lake. Badala ya afya: "nimefunga kifungo cha nyuma ya shingo bila kioo, vidole vikajua njia." Badala ya familia: "nimemsikia mtoto akicheka peke yake chumba cha pili, hajui kwamba namsikia." Ukikaa na usipate cha kuandika, funga daftari ulale. Ukurasa mtupu ni bora kuliko uwongo wa heshima.

Kisha ongeza kazi moja ambayo huenda hujaisikia. Mara moja kwa mwezi andika siku ya kawaida kabisa, bila kuchagua mazuri. Ulizungumza nini na nani, mkabishana nini, ulivaa nini, wimbo gani ulikuwa ukijirudia kichwani. Funga ukurasa, uufungue baada ya miezi mitatu. Ting Zhang na wenzake walichapisha mwaka 2014 tafiti za namna hii: watu waliandika mambo ya kawaida ya maisha yao, wakatabiri watakavyovutiwa kuyasoma baadaye, na waliposoma kweli walivutiwa kuliko walivyotabiri. Pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa mambo ya kawaida kuliko kwa siku za pekee. Siku za pekee tunazipiga picha. Mazungumzo ya Jumanne tunayaacha yapotee kwa kuamini kwamba hayana kitu, na hatuna njia ya kujua leo ni lipi kati yake tutalitamani.

Watu ni sura nyingine. Kitu kikizoeleka hakiumii, mtu huumia. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa kila mmoja anafanya sehemu gani ya kazi mbalimbali za nyumbani, na kwa kazi nyingi majibu ya wawili yakijumlishwa yalizidi jumla inayowezekana. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja aliyakumbuka aliyoyafanya mwenyewe kwa urahisi, kwa kuwa alikuwepo wakati wote alipoyafanya; ya mwenzake aliyakuta yamekwisha fanyika. Taulo safi lililokunjwa kabatini halionyeshi aliyelikunja. Hapa ndipo ningekutaka uweke nguvu kuliko kwenye daftari lolote: taja kwa sauti jambo moja, kwa jina lake, kwa aliyelifanya. "Asante kwa kila kitu" haimfikii mtu. "Nimeona umebadilisha balbu ya ngazini" inamfika. Ukiona haya, jua kwamba haya hiyo ina makadirio mabaya. Amit Kumar na Nicholas Epley walionyesha mwaka 2018 kwamba wanaoandika barua za shukrani hudhani mpokeaji ataona haya zaidi kuliko anavyoona kweli, na hawakadirii vya kutosha atakavyofurahi. Mwanzie dada yako mkubwa, kama huna la kumjibu.

Kuna mambo mawili ambayo nakuomba usiyafanye. La kwanza ni kujilinganisha na wenye shida ili kuonja ulicho nacho. Kwa hesabu za WHO na UNICEF, mwaka 2022 watu takribani bilioni 2.2 hawakuwa na huduma ya maji ya kunywa yenye uhakika wa usalama. Takwimu hiyo ni sababu ya kufanya jambo kuhusu maji. Ukiitumia kukoleza ladha ya glasi yako, unamfanya mwenye kiu kuwa dawa yako, na utapata ahueni fupi iliyochanganyika na hatia.

La pili ni kukubali shukrani igeuzwe kufuli ya mdomo. Mfanyakazi asiyelipwa anaambiwa ashukuru ana kazi. Mke anayedharauliwa anaambiwa ashukuru ana ndoa. Mtu anaweza kuifurahia harufu ya mvua na bado akadai haki yake mchana huo huo. Ukimsikia mtu akikutaka ushukuru mahali ambapo yeye ndiye anayenufaika na ukimya wako, una ruhusa ya kuchelewa kushukuru.

Na usijaribu kuvirudisha vitu vyote mbele ya macho. Mazoea tunayoyasema hapa ndiyo yanayokuwezesha kusoma bila kuhisi nguo inavyogusa mgongo wako, na ndiyo yanayomwezesha aliyefiwa, miezi ikipita, kula tena na kulala. Ubongo ungekuwa unashangilia bomba kila linapofunguliwa, usingeweza kusikia mtoto akilia. Acha vitu vingi vibaki nyuma vikifanya kazi yao. Vichache kwa zamu vinatosha.

Limebaki jambo moja la kupima kabla sijakuachia. Yote niliyoeleza yanahusu mazoea, na mazoea yana dalili yake: kilichozoeleka hakisisimui, lakini kipya bado kinasisimua. Kipya kinyemi ingawa kidonda, kama wasemavyo. Jiulize basi: habari njema usiyoitarajia ikikufikia, unafurahi? Rafiki wa zamani akikupigia simu ghafla, unachangamka? Kama ndiyo, hayo ni mazoea, na ushauri wa hapo juu unakutosha. Kama hata vipya havikugusi, na hali hiyo imeendelea sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, hasa ikiandamana na usingizi kuvurugika, uchovu, hamu ya kula kubadilika au kujiona huna thamani, basi hilo si suala la daftari. Huenda ni sonona, ugonjwa unaotibika, na kwa wewe nalitilia mkazo kwa sababu waliopoteza uwezo wa kunusa wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuupata. Ukipata mawazo ya kutotaka kuishi, usisubiri wiki mbili zitimie. Nenda siku hiyo hiyo. Nenda kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili, umweleze yote, na habari ya pua uitaje hata kama hajakuuliza.